Gari la zamani, mikanda mipya: dalili za matatizo na pa kuanzia

Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalitoka kiwandani bila mkanda hata mmoja. Mkanda wa pointi tatu aliubuni Nils Bohlin akiwa Volvo, ukaanza kufungwa kwenye magari ya kampuni hiyo mwaka 1959. Kwingine ulichelewa, Marekani, kwa mfano, ililazimisha mikanda kwenye magari mapya ya abiria kuanzia 1968. Kwa hiyo anayetaka kuitoa familia matembezi kwa gari la mwaka 1957 au 1962 hana budi kuifunga mikanda mwenyewe au kumpelekea fundi.

Malalamiko baada ya kazi hiyo huwa yaleyale, na lawama huangukia mkanda. Mkanda mpya wenye alama ya E ndani ya duara, yaani alama ya kwamba umepimwa na kuidhinishwa, mara chache ndio wenye kosa. Kosa huwa pale ulipofungwa: rili (kisanduku kinachokunja mkanda ndani) imekaa upande, kishikio cha kifungio (mkono unaokibeba kifungio) ni kirefu mno, au bati linalobeba boliti halifai kubeba chochote. Anza kukagua kwa macho na mikono. Spana baadaye, drili mwisho kabisa.

Mkanda umegoma kutoka kwenye rili

Sababu ya kwanza karibu kila mara ni mkao wa rili. Ndani yake kuna kipira kidogo cha chuma kilichokaa kwenye kikombe. Gari likifunga breki kwa nguvu au likiinama, kipira hupanda ukingo wa kikombe na kuinua kijino, kijino hushika gurudumu lenye meno, mkanda unakwama. Kipira hicho hakiwezi kutofautisha ajali na rili iliyofungwa ikiwa imelala, kwa hiyo ukiilaza kinafunga siku nzima.

Ipime hivi. Fungua boliti, ishike rili mkononi, vuta mkanda polepole huku ukiigeuza kidogo kidogo: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kuna mkao ambapo inaachia na mkanda unatoka laini. Huo ndio mkao iliotengenezewa. Sasa irudishe penye tundu lake uone ilivyokaa. Nguzo za magari ya zamani, zile za kando ya milango, huonekana wima ukiwa umesimama nje, lakini nyingi zimelala kuelekea ndani na nyuma, na digrii chache tu zinatosha kuigomesha rili. Dawa ni kununua rili ya mkao unaofaa. Kuna za kusimama kwenye nguzo, kuna za rafu ya nyuma, na kuna ambazo kichwa chake kinarekebishwa kulingana na pembe. Usikunje bamba la rili kwa nyundo ili likubali. Chuma kilichokunjwa hivyo kinaweza kupata ufa palepale kitakapobebeshwa mzigo.

Kama mkao ni sawa, angalia haya kwa kufuatana:

- Gari limeegeshwa mlimani. Lipeleke kwenye tambarare, jaribu tena.
- Unavuta kwa pupa. Rili nyingi zina sensa ya pili inayofuata kasi ya mkanda wenyewe. Vuta taratibu.
- Uliuvuta mkanda wote hadi mwisho. Baadhi ya rili hapo huingia kwenye hali ya kiti cha mtoto: utasikia mlio wa meno mkanda ukirudi, na hautatoka tena mpaka uingie wote ndani. Si ubovu huo.
- Mkanda umejikunja ndani ya rili. Utoe kidogo kidogo, unyooshe, urudishe.

Ikishindikana hapo, rili imekufa. Usiifungue. Ndani kuna springi ya bapa iliyokazwa ambayo ikichomoka inakata vidole, na hakuna namna ya kuthibitisha kwamba uliyoifungua bado inashika. Vilevile rili iliyotolewa kwenye gari lililogongwa haifai, hata ikionekana mpya. Mkanda ukishabeba mtu katika ajali umeshanyooka na kazi yake imekwisha.

Rili ikishakubali kutoka, hakikisha pia inakubali kushika. Tafuta uwanja mtupu, peleka gari kwa mwendo mdogo sana, kisha kanyaga breki ghafla ukiwa umejiweka tayari. Isiposhika, gari lisibebe abiria.

Mkanda unatoka lakini haurudi

Hapa tatizo ni uchafu tu, mara nyingi. Pete ya juu begani hukusanya jasho na vumbi hadi mkanda unanata. Ifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, osha na mkanda wenyewe, kisha uache nje ya rili ukauke kabisa kivulini. Jiki, thina, petroli na rangi visikaribie. Najua wapo wanaotaka mkanda ufanane na ngozi ya viti. Agiza wenye rangi hiyo kutoka kwa mtengenezaji, usiuchovye rangi, kwa sababu kemikali hula nyuzi bila wewe kuona. Oili nayo usitie.

Pete ikiwa safi, tazama kama kava la nguzo linaibana rili au kama mkanda unaingia kwa pembe. Mkanda ulionyauka kingo, uliokauka na kuwa mgumu au uliopauka kwa jua unabadilishwa. Haushonwi.

Boliti haiingii, au inazunguka bila kukaza

Kabla hujafikiria kutoboa, nyanyua mazulia na makava yote. Magari mengi ya miaka ya 1960 yalitoka na matundu ya mikanda tayari, yamezibwa kwa vizibo vya mpira au plastiki na kufunikwa. Boliti za mikanda karibu dunia nzima ni za aina moja: inchi 7/16 UNF (kipimo cha inchi chenye meno membamba), meno 20 kwa inchi, na hilo halibadiliki hata kwa magari ambayo boliti zake nyingine zote ni za milimita. Kipenyo chake ni milimita 11.1 hivi. Hapo ndipo vurugu inapoanzia. Boliti ya milimita 10 inaingia na kuchezacheza. Ya milimita 12 inagoma, na mwenye misuli anailazimisha mpaka meno ya nati yanakwisha.

Boliti sahihi ikigoma, chanzo cha kawaida ni rangi au lami ya chini ya gari iliyojaa kwenye meno ya nati. Pitisha tapu (chombo cha kuchonga meno ya nati) ya 7/16 UNF, safisha, kisha ingiza boliti kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kushika spana. Isipokubali kwa vidole, itoe, usiendelee.

Ikizunguka bila kukaza, ama meno yamekwisha, ama nati iliyochomelewa nyuma ya bati imeng'oka. Nati inayofikika kwa nyuma unaweza kuishika na kuibadilisha. Iliyo ndani ya boksi lililofungwa ni kazi ya fundi bodi, maana lazima akate dirisha, achomelee nati mpya yenye bamba lake, na kulifunga tena. Kujaza gundi au kutia boliti nene zaidi si matengenezo.

Tumia boliti zilizokuja na mkanda. Kichwa cha boliti kisicho na alama yoyote hakikuambii nguvu yake. Nyingi kati ya zile za mikanda zina shingo laini chini ya kichwa na washa ya springi, ili bamba la mkanda liweze kuzunguka na kufuata upande wa mvuto. Ukikaza na bamba likagandamana kabisa, umeruka washa au umezipanga vibaya.

Bati linabonyea ukivuta mkanda

Ukiona hili, matembezi yasubiri. Ndiyo dalili nzito kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa, kwa kuwa mkanda wenyewe unafunga na kufungua vizuri tu.

Fikiria mzigo. Mtu wa kilo 70 akisimamishwa kwa nguvu ya mara 20 ya mvutano wa dunia, na ajali nzito ya barabarani inaweza kufika huko, mkanda wake unabeba sawa na uzito wa kilo 1,400. Bati la sakafu lina unene wa milimita moja hivi. Washa ya kawaida itapita katikati ya bati hilo kama kidole kwenye karatasi iliyolowa.

Shuka chini ya gari na tochi. Sababu utakazokuta, kwa mpangilio wa mara kwa mara:

Boliti imefungwa kwa washa tu, bila bamba. Bamba la kuongezea nguvu ni lazima popote pasipo na nati ya kiwandani. Kanuni za mbio za magari za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinataka bamba lisilopungua milimita 3 kwa unene na sentimita za mraba 40 kwa ukubwa, yaani sentimita 8 kwa 5, na sioni kwa nini gari linalobeba watoto liwe na pungufu ya hapo. Pembe zake zizungushwe kwa tupa ili zisikate bati. Likae upande wa pili wa mvuto, mkanda ukivutwa bamba liligandamize bati. Nimeona mabamba yaliyowekwa upande uleule wa mkanda: yanapendeza, hayazuii kitu.

Boliti iko katikati ya eneo bapa. Bati bapa linabonyea hata likiwa zima. Tafuta palipokunjwa au kuungwa: ukingo wa bodi chini ya mlango, mgongo wa sakafu unaopitisha shafti, tao la bodi juu ya tairi la nyuma, au boriti inayokatiza sakafu.

Kutu imefichwa na puti. Pitisha sumaku ndogo juu ya eneo lote. Palipo na puti nene haishiki. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize: bati zima linalia, lililooza linatoa sauti butu. Kisha sukuma ncha ya bisibisi kwa chini. Ikizama, simama hapo. Bamba lililofungwa juu ya bati lililooza linashika pembeni mwake tu, na pembeni ndipo panapoachia.

Bodi ni ya mbao au ya faiba. Yapo magari yenye fremu ya mbao iliyovikwa bati, na mbao haibebi mkanda. Faiba nayo haibebi. Hapo mkanda unatafutiwa chuma cha chesisi kwa vyuma vilivyochorwa na mtu anayejua hesabu za mzigo.

Nukta, yaani mahali mkanda unapofungwa kwenye gari, zimegawanyika, mbili kwenye bodi na moja kwenye chesisi. Bodi iliyokaa juu ya mipira ya chesisi inaweza kuhama katika ajali, na mkanda ukamkaba aliyeuvaa. Nukta zote za mkanda mmoja ziwe kwenye muundo mmoja.

Ikibidi kutoboa, kwanza ondoa waya wa betri, kisha kagua upande wa pili. Mabomba ya mafuta na ya breki hupita chini ya sakafu hasa karibu na mgongo wa shafti, na kwenye magari mengi tangi liko chini ya buti au nyuma tu ya kiti cha nyuma. Weka kizuizi kwenye biti ya drili ili isizame zaidi ya unene wa bati. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo za tundu kabla ya kufunga.

Kutu kwenye chesisi, kutu kwenye ukingo wa chini ya mlango, kutoboa boksi la chesisi, na kuchomelea chochote karibu na tangi: hizo nne ni za fundi bodi mwenye uzoefu, na tangi litoke kwenye gari kabla moto haujawashwa.

Mkanda unakata shingo, unateleza begani au unapanda tumboni

Sehemu ya chini ya mkanda inatakiwa ilale kwenye mifupa ya nyonga. Ikipanda tumboni, katika ajali inagandamiza utumbo na ini, na mwili unaweza kuteleza chini yake. Chanzo kikuu ni nukta ya sakafuni iliyo nyuma mno. Kaa kitini jinsi unavyoendesha, mwombe mtu atazame kutoka pembeni: mkanda unaoshuka kutoka nyongani hadi sakafuni uwe na mteremko wa digrii 45 hadi 60 kutoka usawa wa ardhi. Ukiwa umelala kuliko hapo, sogeza nukta mbele. Kabla ya kutoboa tundu jipya jaribu kwanza kishikio kifupi cha kifungio, maana kirefu nacho huleta kifungio tumboni.

Begani, nukta ya juu iwe usawa wa bega au juu yake kidogo. Ikiwa chini ya bega, ajali inauvuta mkanda kuelekea chini na uti wa mgongo unabanwa. Mfupi anayekatwa shingo akae kwenye mto mgumu au kiti kirekebishwe; mkanda usipitishwe chini ya kwapa.

Magari ya wazi yana shida yake. Hayana nguzo ya katikati, na nukta ya juu haina pa kukaa. Mgongo wa kiti si mahali pa kuifunga, kwani kiti hicho hakikuundwa kubeba mzigo huo. Chaguo ni chuma cha nyuma kilichotengenezwa na wataalamu kwa ajili ya gari hilo, au mkanda wa kiunoni peke yake. Wa kiunoni unazuia mtu kurushwa nje, na hilo si dogo, ila kichwa na kifua bado vitakwenda mbele kukutana na dashibodi ya chuma.

Kifungio hakishiki, au hakifunguki

Tochi kwanza. Sarafu, makombo ya biskuti na kijiti cha pipi vyote hupenya humo. Nyonya kwa mashine ya vumbi au geuza kifungio na kukigonga. Usichokoe kwa bisibisi wala usitie oili. Kikiwa safi na bado kinaachia, soma majina yaliyochapwa kwenye ulimi (chuma kinachoingia kwenye kifungio) na kwenye kifungio. Seti zilizochanganywa kutoka watengenezaji wawili zinaweza kutoa mlio wa kufunga bila kushika sawasawa. Nunua seti nzima. Kifungio kinachoachia hata mara moja kinatupwa.

Kiti cha mtoto hakitulii

Anza na karatasi iliyobandikwa kwenye kiti chenyewe. Inaonyesha kwa picha kama kinakubali mkanda wa kiunoni au kinadai wa pointi tatu, na vingi vya siku hizi vinadai wa pointi tatu. Kiti cha kumwinua mtoto kisicho na mikanda yake hakifungwi kwa mkanda wa kiunoni peke yake. Hilo halina mjadala.

Kama aina ya mkanda ni sawa na kiti bado kinayumba, tazama kifungio kimefika wapi. Kikiwa kimepanda juu ya ukingo wa plastiki wa kiti cha mtoto na kujikunja hapo, hakiwezi kukaza, na kinaweza kuvunjika. Kishikio kifupi zaidi kinatatua. Baada ya hapo lawama inakwenda kwa kiti cha gari: makochi ya zamani yana springi laini na mteremko mkubwa kuelekea nyuma. Weka goti ndani ya kiti cha mtoto, bana springi kwa uzito wako, kaza mkanda, ondoa goti. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikihama zaidi ya sentimita 2.5, hakijafungwa.

Usitengeneze vyuma vya ISOFIX (vya kunasia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi) kwenye gereji kwa kupima sentimita 28 na kuchomelea. Vyuma hivyo hupimwa pamoja na bodi iliyovibeba, na ya gari lako haikupimwa. Na mkanda mmoja haufungi watoto wawili, hata safari ikiwa fupi.

Kuna hali ambapo jibu ni mtoto asipande gari hilo. Uingereza, kwa mfano, mwenye umri chini ya miaka 3 haruhusiwi kabisa kwenye gari lisilo na mikanda. Fuata sheria ya unakoendesha, lakini kiti kikikataa kutulia, mtoto apande gari lingine linalofuata nyuma.

Mgongo wa kiti cha mbele unaanguka mbele

Magari ya milango miwili mara nyingi yana viti vinavyokunjwa bila kufuli. Mkanda unakushika, kiti kinakuja na kukupiga mgongoni, na aliye nyuma bila mkanda anaongeza uzito wake. Kagua kama kufuli lipo na limechakaa. Kama halikuwahi kuwepo, fundi wa viti anaweza kuliongeza. Kagua pia reli za kiti na boliti zake. Zikiwa zimelika, mkanda mpya hautasaidia.

Mlio na mgongano

Ulimi unagonga nguzo, au boliti inalia gari likipita kwenye mashimo ya barabara. Kitufe cha kuzuia ulimi usishuke na washa ya springi vinamaliza. Boliti iliyolegea ni jambo jingine. Itoe, ipake dawa ya kuzuia kulegea, ikaze kwa kipimo cha mtengenezaji wa mkanda.

Mkaguzi wa magari amekataa

Katika baadhi ya nchi gari lisilotakiwa kuwa na mikanda likishawekewa, mikanda hiyo nayo hukaguliwa. Sababu za kukataliwa ni zilezile za juu: bamba halipo, alama ya E haionekani kwenye lebo, kutu karibu na nukta. Nyingine ni kwamba mkaguzi hawezi kuona kilichofunikwa. Piga picha za kila bamba na boliti kabla ya kurudisha zulia, rula ikiwa pembeni, na hifadhi risiti za mikanda. Picha hizohizo mpe na bima. Waarifu kwamba umelibadilisha gari kabla hawajaligundua wenyewe siku ya madai.